UZI: Msimu wa timu ya chuo cha jeshi Kanda ya Ziwa: pumzi wanayo, kinachowaangusha ni kalenda

KiungoMkabaji (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kila msimu huku Mwanza linarudi swali lilelile. Timu ya chuo cha kijeshi ina vijana wabichi, wanakula jiko moja, wanaamka saa ileile, hakuna anayechelewa mazoezini wala anayedai posho ya nauli. Mzunguko wa kwanza wanakimbiza kila mtu. Ukifika mzunguko wa pili wanaporomoka: nyama za paja zinakatika, ugoko unauma, magoli yanaingia dakika ya 75 kwenda mbele. Watazamaji wanasema vipaji hakuna. Mimi nasema tuchukue kalamu.

Kuna hesabu rahisi ambayo makocha wengi wanaitumia. Baada ya kila kazi ya mwili, muulize mchezaji ilikuwa ngumu kiasi gani kwa kipimo cha 0 hadi 10, kisha zidisha na dakika. Tuangalie Jumanne ya kawaida ya ofisa mwanafunzi:

Mchakamchaka wa alfajiri, dakika 50 × 5 = 250
Kwata, dakika 80 × 4 = 320
Mazoezi ya mpira jioni, dakika 80 × 7 = 560
Jumla 1,130

Mechi kamili ni dakika 95 × 9 = 855. Maana yake Jumanne peke yake inamchosha kuliko mechi, na kocha hajui, kwa sababu yeye anaona zile 560 za jioni tu. Endelea hivyo Jumatatu hadi Alhamisi unapata 4,520. Ongeza Ijumaa ya 810 na mechi ya Jumamosi, wiki inafika 6,185. Hapo sijagusa lindo la usiku.

Sasa wiki hiyohiyo ikipangwa na kocha na mkufunzi wa mafunzo wakiwa meza moja:

Jumatatu: mchakamchaka mwepesi dakika 30 × 3 = 90, kwata 320. Mpira hakuna. Jumla 410.
Jumanne: mchakamchaka unafutwa kwa wachezaji, kwata 320, mpira dakika 75 × 6 = 450. Jumla 770. Siku ya nguvu na mechi ndogo za wanne kwa wanne.
Jumatano: kwata 320, mpira dakika 80 × 7 = 560. Jumla 880. Hii ndiyo siku nzito, uwanja mzima, 11 kwa 11.
Alhamisi: kwata nusu, dakika 40 × 4 = 160, mbio za kasi na mbinu dakika 60 × 5 = 300. Jumla 460.
Ijumaa: dakika 40 × 3 = 120. Kona, faulo, penalti, basi.
Jumamosi: mechi 855.

Jumla 3,495. Hakuna aliyepewa upendeleo wa kulala hadi jua litoke. Kilichoondolewa ni kazi iliyokuwa inafanywa mara mbili. Jumapili waliocheza wanapumzika, na waliocheza chini ya dakika 45 wanafanya dakika 40 ngumu, maana wasipofanya hivyo baada ya mwezi wanakuwa nyuma ya wenzao na benchi linakuwa la kujazia tu.

Dalili za kuangalia: wastani wa wiki nne. Wiki ikiruka zaidi ya theluthi moja juu ya wastani huo, punguza mara moja, usingoje mtu alalamike. Mwanajeshi halalamiki, na hapo ndipo tatizo lilipo: ukimuuliza mbele ya wenzake atakwambia 4 hata kama ni 8. Muulize peke yake, nusu saa baada ya kazi, mwandike kwenye daftari.

Karibuni mchangie. Wenye uzoefu wa viwanja, tiba na kanuni msipite kimya.

---

CapriPoint77

Mkuu hesabu imenyooka. Naongeza jambo moja ambalo wakufunzi huwa hawalikubali kirahisi: mchakamchaka wa kilomita 8 au 10 haumjengi mchezaji wa mpira kwa kiwango wanachodhani. Unajenga pumzi ya mwendo mmoja. Mpira ni kukimbia mita 20, kusimama, kugeuka, kukimbia tena mita 15, huku kichwa kinafikiri. Ukimlisha mtu mwendo mmoja kila alfajiri, anakuwa na moyo wa punda na miguu ya punda. Anafika dakika ya 90, ila anachelewa kwenye kila mpira wa pili.

Badala yake Alhamisi weka hivi: mbio 6 hadi 8 za mita 30 kwa kasi ya mwisho kabisa, mapumziko dakika moja na nusu hadi mbili kati ya kila mbio. Watu wanayaona mapumziko hayo marefu, wanayakata, na hapo zoezi linaharibika: bila mapumziko kasi inashuka, unakuwa umerudi kwenye mchakamchaka. Kwa kurudiarudia kasi, fanya Jumatano: mita 20 mara 6, sekunde 20 za kupumua katikati, pumzika dakika 4, rudia mara moja.

Na mbio za kasi zifanyike mwili ukiwa mbichi, mara baada ya kupasha moto. Mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, ndipo nyama ya nyuma ya paja inapochanika.

---

Sato_Mbichi

Mimi nipo tofauti kidogo na mwanzisha uzi. Wachezaji waondolewe mchakamchaka moja kwa moja, msimu mzima. Timu za majeshi zinazocheza madaraja ya juu, JKT Tanzania au Tanzania Prisons, mchezaji kazi yake ni mpira. Kwa nini chuo kijibane?

---

KiungoMkabaji

Mkuu, hao uliowataja ni timu za ligi, wachezaji wameajiriwa au kusajiliwa kwa kazi hiyo. Ofisa mwanafunzi yuko chuoni ili awe ofisa. Mwili wake unapimwa, shabaha yake inapimwa, na asipofikia viwango hatunukiwi kamisheni hata kama amefunga magoli 20. Ukimwondoa kabisa, unamharibia masomo.

La pili ni kombania. Wenzake wakiona anapumzika wakati wao wanatokwa jasho, siku akihitaji kubadilishana lindo hakuna atakayemsikia. Kubadilishana ndiyo njia: mchezaji yupo kiwanjani alfajiri ileile na wenzake, ila anafanya FIFA 11+ kwa dakika 20 badala ya kukimbia. Mazoezi 15 yenye sehemu tatu: kukimbia taratibu, nguvu na mizani, kisha kukimbia kwa kasi na kugeuka. Ikifanywa ipasavyo angalau mara mbili kwa wiki inapunguza majeraha kwa kiasi kikubwa, na mkufunzi anamwona yupo.

Lindo nalo lipangwe. Usiku wa Alhamisi na Ijumaa mchezaji asipangwe. Alipe Jumapili na Jumatatu. Ukikosa usingizi siku mbili kabla ya mechi, hata wiki iwe imepangwa vizuri vipi, imepotea.

---

Tabibu_Kando

Nazungumzia yale yanayoonekana zaidi kwenye timu za aina hii.

Ugoko. Kwata kwenye zege au lami kwa buti, kisha mpira kwenye changarawe, mfupa wa ugoko unapigwa mara elfu kwa siku. Kuna maumivu ya kawaida ya ugoko, yanayoenea eneo refu la ndani ya mguu na kupungua mwili ukipata joto. Na kuna ufa wa mfupa. Ufa unauma sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, unazidi kadiri anavyokimbia, na baadaye unauma hata usiku akiwa amelala. Mwambie aruke kwa mguu mmoja mara tatu: akishindwa kwa maumivu, hakuna mpira, hakuna kwata, apelekwe akapigwe picha. Picha ya kwanza inaweza isionyeshe kitu kwa wiki mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo picha safi haimaanishi arudi. Kwa kawaida ugoko unahitaji wiki 6 hadi 8. Akirudishwa wiki ya tatu kwa sababu kuna mechi kubwa, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili na msimu wake umeisha.

Nyama ya nyuma ya paja. Zoezi la kupiga magoti, mwenzako akishika vifundo vya miguu, unashuka mbele polepole ukiwa umenyooka hadi mikono iguse chini. Wiki ya kwanza seti 2 za mara 5, siku moja tu. Wiki ya pili seti 2 za mara 6, siku mbili. Wiki ya tatu seti 3 za mara 6 hadi 8, wiki ya nne seti 3 za mara 8 hadi 10. Msimu ukianza, siku moja kwa wiki inatosha, Jumanne baada ya mazoezi. Kosa la kawaida ni kuanza na seti 3 za 10 siku ya kwanza. Kesho yake timu nzima haiwezi kuinama, na zoezi linafutwa milele.

Kichocho. Hili ni la kwetu wa ziwani na silisikii likisemwa kwenye timu. Vijana wakimaliza mazoezi wanashuka ufukweni kupoza miguu. Maji ya kina kifupi, yenye majani, ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vimelea, na vimelea hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali. Vinapenya kwenye ngozi nzima, si lazima uwe na kidonda wala unywe maji. Kichocho cha tumbo kinamdhoofisha mchezaji taratibu: uchovu usioeleweka, tumbo kuuma, damu kwenye choo, upungufu wa damu. Kocha anaona mtu amepoteza pumzi anamwongezea mbio.

Timu nzima ipime mwanzoni mwa msimu. Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa kichocho cha tumbo, itolewe na kituo cha afya. Dawa inaua minyoo waliokomaa, wachanga inawaacha, kwa hiyo aliyeoga ziwani jana akimeza leo hajajikinga na chochote.

---

Binti_Nansio

Tabibu asante. Swali: chuo kikiwa kando ya ziwa na maji ya bomba hayatoshi, hakuna namna kabisa ya kutumia maji ya ziwa kupoza miguu?

---

Tabibu_Kando

Ipo, dada. Yavute kwa pampu hadi kwenye tangi lisilo na konokono, yaache saa 48 bila kuongezwa maji mapya. Vimelea vikikosa mtu wa kumwingia ndani ya muda huo vinakufa. Hapo yanafaa kuoga na kujaza pipa la kupozea miguu. Kunywa ni habari nyingine, yachemshwe au yatiwe dawa.

Nimalizie malaria, maana inachukua wachezaji wengi kuliko majeraha msimu wa mvua. Homa yoyote ni kipimo cha haraka siku hiyohiyo. Dawa ya mseto ni dozi 6 kwa siku tatu: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha saa ya 24, 36, 48 na 60, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili iingie vizuri mwilini. Wengi wanaacha dozi ya nne wakijisikia nafuu. Mchezaji asirudi mazoezini akiwa na homa, na akimaliza dozi aupe mwili siku kadhaa za kazi nyepesi kabla ya mechi. Vyandarua bwenini vikaguliwe kama bunduki zinavyokaguliwa.

---

MtunzaStoo

Naona viwanja havijaguswa. Mwanza timu inaweza kucheza kwenye nyasi bandia za Nyamagana wiki hii, nyasi za kawaida CCM Kirumba wiki ijayo, halafu ikarudi kufanya mazoezi kwenye changarawe ya chuo. Viwanja vitatu, viatu viwili tofauti. Nyasi bandia zinataka njumu fupi na nyingi za plastiki. Njumu sita ndefu zinang'ang'ania pale mguu unapotaka kugeuka, goti linabaki linazungushwa. Kwenye nyasi za kawaida mvua ikinyesha, njumu fupi zinateleza. Kwenye changarawe njumu ndefu haziingii ardhini kabisa, uzito wote unakaa juu ya nukta sita na nyayo zinaungua. Asiye na pea mbili achague fupi.

Nyasi bandia mchana zinachemka kuliko hewa kwa kiwango kikubwa. Kama mwenye uwanja ana maji, mwombe amwage nusu saa kabla ya kupasha moto. Wachezaji wavae soksi ndefu na taiti za paja, michubuko ya pale inachelewa kupona.

Kuchora uwanja wa chuo. Kona isipokuwa pembe mraba, uwanja mzima unapinda. Chukua kamba: kutoka kwenye kigingi cha kona pima mita 30 upande mmoja, mita 40 upande wa pili, umbali kati ya ncha hizo lazima uwe mita 50 kamili. Isipokuwa 50, sogeza mpaka iwe. Duara la kati, kamba ya mita 9.15. Eneo la penalti, mita 16.5 kutoka kila nguzo na mita 16.5 kuingia uwanjani. Nukta ya penalti mita 11. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, na upime 2.44 katikati ya mwamba wa juu, siyo kwenye nguzo tu, kwa sababu miamba ya mbao inashuka katikati.

Chokaa ambayo haijazimwa isitumike kabisa. Ikikutana na jasho au mvua inaunguza ngozi na macho. Tumia rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji.

Mawe: chuo cha jeshi kina faida moja ambayo klabu hazina. Panga mstari wa watu 40 kwa nafasi sawa kwenye mstari wa goli, watembee hadi upande wa pili wakiokota. Ni kazi ya robo saa, na Jumatatu ifanyike tena.

Vifaa vya kikosi cha watu 25: mipira 14 saizi namba 5, vizibao rangi mbili 12 kila rangi, koni 30, pampu mbili na sindano 6 kwa sababu sindano zinavunjika kila wiki, kinga ugoko pea 28. Upepo wa mpira unaruhusiwa kati ya 0.6 na 1.1 atm (karibu sawa na bar). Kwenye changarawe baki karibu na 0.7, mpira uliojaa sana unadunda kama wa tenisi na vijana wanajifunza kuuogopa.

---

Kipenga_Buzuruga

Kwenye kanuni, timu za jeshi zina matatizo yao maalumu na yote yanatokana na vyeo.

Kwanza nahodha. Timu nyingi zinamvika kitambaa mwenye cheo au mwandamizi wa kozi, siyo anayeijua mechi. Siku hizi mashindano yanayofuata mwongozo mpya yanataka nahodha peke yake ndiye amfuate mwamuzi kuzungumza. Mwingine akimkimbilia anaweza kupewa kadi ya njano. Nahodha akiwa kipa, mwamuzi na timu wanakubaliana mchezaji wa ndani atakayefanya kazi hiyo. Kwa hiyo chagua mtu mtulivu anayejua sheria.

Pili, kuitana uwanjani. Mchezaji wa mwaka wa kwanza anaona winga wa mwaka wa mwisho yupo nje ya nafasi, anaogopa kumpigia kelele. Ama anatumia heshima ndefu na mpira umeshapita. Kocha aweke amri kabla ya msimu: ndani ya mistari kila mtu ana jina moja fupi, silabi mbili, na maneno manne tu: "mtu", "geuka", "rudi", "yako". Nje ya mistari heshima inarudi kama kawaida.

Tatu, benchi. Mkubwa wa chuo anaruhusiwa kukaa jukwaani na kushangilia, ila asiyeorodheshwa kwenye fomu ya mechi hana ruhusa ya kukaa benchi wala kutoa maagizo. Mwamuzi atamwondoa bila kujali nyota mabegani. Mwelezeni mapema na kwa adabu, siyo siku ya mechi mbele ya watu.

Nne, kipa. Kuanzia sheria za 2025/26, kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi anahesabu tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Makipa wa zamani waliozoea kulala juu ya mpira wakiwa mbele kwa goli moja wanatoa kona za bure.

Wachezaji wa akiba: pale kanuni zinaporuhusu watano, nafasi za kubadilisha ni tatu tu, mapumziko hayahesabiwi. Someni kanuni za mashindano yenu kabla ya kuhesabu watano, madaraja ya chini yanaweza kutofautiana.

---

JiweLaBismarck

Kipenga hajagusa shilingi ya mwanzo, wacha niiseme kwa ajili ya upepo wetu. Anayeshinda shilingi anachagua goli la kushambulia au kuanza mpira. Kwa viwanja vya kando ya ziwa, mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na jua likishuka unalegea. Mechi ikianza saa 10 jioni, upepo wenye nguvu ni wa kipindi cha kwanza. Chukua upande wenye upepo mgongoni kwanza. Ukisema utausubiri kipindi cha pili, unaweza kukuta haupo.

Turudi kwenye mbinu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Timu ya chuo ina saa nne au tano za mpira kwa wiki. Kwa saa hizo huwezi kufundisha kila kitu. Chagua machache, yarudie hadi yawe kama kwata. Angalieni West Point, chuo cha jeshi la Marekani, kwenye mpira wao wa kofia ngumu (futiboli ya Kimarekani). Wachezaji wao ni makadeti wenye ratiba ya kijeshi na deni la utumishi baada ya masomo, hawapati majitu makubwa yanayochukuliwa na vyuo tajiri. Walichofanya ni kuchagua mchezo mmoja wa kukimbia na mpira wenye chaguo tatu: mpiga pasi anasoma wapinzani wawili, mmoja baada ya mwingine, na kulingana nao anampa wa katikati, anakimbia mwenyewe, au anamrushia wa pembeni. Wanaurudia maelfu ya mara. Msimu wa 2024 walishinda mechi 12, wakachukua ubingwa wa ligi yao kwa kuifunga Tulane 35-14. Siku nane baadaye Navy, chuo cha wanamaji kinachoujua mchezo huo kwa sababu nacho kinaucheza, kiliwafunga 31-13. Mchezo uliorudiwa unamshinda asiyeujua, ila lazima uwe na mlango wa pili kwa anayekujua.

Kwa soka letu, mchezo huo wa kurudia ni mipira iliyosimama. Dakika 40 za Ijumaa zote ziende huko, na dakika 15 za Jumatano.

Kona ya kushambulia: watu watano, wanne ndani ya boksi na mmoja nje yake. Mmoja nguzo ya karibu, kazi yake ni kuugusa mpira tu uelekee nyuma. Wawili wanaanzia kwenye nukta ya penalti, mmoja anakimbilia katikati ya goli, mwingine nguzo ya mbali. Wa nne anasimama karibu na kipa bila kumzuia. Wa tano anasubiri mita 18 kwa mpira unaotoka. Wawili wanabaki nyuma na straika wa wapinzani. Mpigaji anainua mkono mmoja kwa nguzo ya karibu, miwili kwa ya mbali, na habadilishi mawazo. Kinachoharibika mara nyingi ni wakati: wakimbiaji wanaondoka mkono ukiinuliwa, wanafika mapema na kusimama. Waondoke mpigaji akianza hatua ya mwisho.

Mpira wa kurusha nao hauna kuotea. Mtu mwenye mgongo wenye nguvu anayerusha mita 25 anageuza kila mpira wa pembeni kuwa kona. Vyuo vya jeshi vina watu hao, hawajatafutwa tu. Jumatatu moja wapimeni wote kwa utepe.

Mlango wa pili: baada ya kona tatu ndefu, ya nne ipigwe fupi kwa wa mita 18.

---

Sato_Mbichi

Nimekubali hoja ya kubadilishana, mkuu. Chakula na safari vipi? Maana hapa kanda yetu siyo ndogo.

---

Binti_Nansio

Safari nijibu mimi.

Musoma ni kama kilomita 220 kwa barabara, mnaweza kwenda asubuhi ya siku ya kabla na kufanya mazoezi mepesi jioni. Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400. Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena, ila safari bado ni ya siku nzima kwa basi. Simameni kila saa mbili, dakika 10 za kutembea na kunyoosha nyonga. Msicheze siku ya kufika.

Ukerewe mna njia mbili. Kivuko cha Mwanza hadi Nansio huchukua zaidi ya saa tatu. Au mzunguke kwa barabara ya Bunda hadi Kisorya, mvuke kipande kifupi hadi Rugezi. Ya pili ni ndefu barabarani lakini haikufungi na ratiba ya boti moja. Radi na dhoruba za ziwa huja zaidi usiku na alfajiri, kwa hiyo msipange kuvuka alfajiri ya siku ya mechi. Fikeni siku moja kabla. Idadi ya watu na mizigo ya timu itolewe kwa ukweli kwenye kivuko, majaketi yahesabiwe kabla ya kupanda. Tunakumbuka MV Nyerere iliyozama 2018.

Chakula: mchezaji wa kilo 70 siku za kazi nzito anahitaji wanga kama gramu 6 kwa kila kilo, yaani gramu 420. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama gramu 75 za wanga, kwa hiyo kwa ugali peke yake angekula zaidi ya nusu kilo ya unga. Hawezi. Gawanya: uji wenye sukari asubuhi, viazi vitamu saa 4, ugali mchana, wali usiku. Dagaa kila siku, waliwe na mifupa yao, ndiyo kalisiamu ya huo ugoko aliousema Tabibu.

Mechi ya saa 10 jioni: mlo mkuu saa 6 mchana, wali na sato wa kuchemsha, maharage yasiwepo, mafuta kidogo. Saa 8 na nusu ndizi mbivu na maji. Pima uzito kabla na baada ya mechi: kila kilo iliyopotea irudishwe kwa lita moja na nusu, taratibu ndani ya saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi.

---

KiungoMkabaji

Shukrani sana wakuu, nimechukua yote. Kabla ya kupanga kikosi zingatieni mapengo ya kalenda ya chuo yenyewe. Mazoezi ya medani huwa yanatangazwa mapema kwenye ratiba ya mafunzo. Yaandikeni kwenye kalenda ya mechi siku ileile mnayopata ratiba ya ligi, na ombi la kusogeza mechi liende kwa chama cha mkoa likiwa na barua ya chuo, si simu ya usiku wa kuamkia mechi. Maandalizi ya gwaride la 9 Desemba, mwaka linapofanyika, yanachukua wiki kadhaa za kusimama juani, na warefu wanaochukuliwa kwa gwaride ndio mabeki wenu wa kati.

Halafu kamisheni. Darasa la mwisho likihitimu katikati ya msimu, mnaweza kupoteza nusu ya kikosi kwa siku moja. Sajilini 25, makipa 3, na wahitimu wasizidi 9. Kila nafasi iwe na mtu wa mwaka wa chini anayepata angalau dakika 20 kila wiki mbili tangu mzunguko wa kwanza. Fomu, picha na vitambulisho vya wote viandaliwe pamoja kabla dirisha la usajili halijafungwa.

---

CapriPoint77

Mkuu lile daftari la ugumu na dakika, nani alishike? Kocha ana mambo mengi.

---

KiungoMkabaji

Mpe mchezaji aliye majeruhi. Anazunguka kiwanjani nusu saa baada ya kazi, anauliza mmoja mmoja, anaandika namba, jioni anajumlisha. Anabaki ndani ya timu, na kocha anapata jumla yake kabla ya chakula cha usiku, muda ambao kwata ya kesho bado inaweza kupunguzwa.